Mtaala wa mabweni ya Kiislamu: Indonesia ina la kutufunza

Kipo kitabu kidogo cha fikihi ambacho vizazi kadhaa vya watoto wa mwambao wetu wamekisoma wakiwa wameketi mkekani mbele ya mwalimu wao: Safinatun Najaa. Mtungaji wake, Sheikh Salim bin Sumayr, alikuwa mzaliwa wa Hadhramaut, lakini mauti yalimkuta mwaka 1855 mjini Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta. Na mojawapo ya sherehe mashuhuri za kitabu hicho iliandikwa na Sheikh Nawawi wa Banten, mwanachuoni wa Kijava aliyeishi Makka na kufariki huko mwaka 1897. Kwa hivyo mtoto wa Lamu na mtoto wa Java, ambao hawajapata kuonana, wameingia katika elimu ya dini kwa mlango mmoja, tena kwa madhehebu moja ya Shafii.

Naanza na kitabu hiki kwa makusudi. Kila panapozuka mjadala kuhusu mtaala wa shule za bweni za Kiislamu hapa nchini, wengi wetu hutazama pande mbili tu. Kuna wanaoelekeza macho Uarabuni, wakataka mtaala wote uletwe kutoka huko kama ulivyo. Wengine hutazama urithi tulioachiwa na Waingereza, wakaona dini ni kipindi kimoja miongoni mwa vipindi, sawa na jiografia. Ni nadra kusikia mtu akiuliza jinsi Indonesia ilivyolikabili suala hili, ilhali huko ziko shule za bweni za Kiislamu zaidi ya 30,000, nazo zimekuwa zikivutana na kupatana na mitaala ya serikali kwa muda wa karne nzima.

Shule hizo huitwa pesantren, yaani mahali pa santri, na santri ni mwanafunzi. Kiongozi wake ni kyai, sheikh ambaye aghalabu ndiye mwenye uwanja, msikiti na jina. Katika mfumo wa asili hapakuwa na darasa wala mtihani wa mwisho wa mwaka. Palikuwa na njia mbili za kufundisha. Ya kwanza huitwa sorogan: mwanafunzi mmoja mmoja humwendea mwalimu na kitabu chake, akasoma, akasahihishwa, akarudi mahali pake. Ya pili ni bandongan: mwalimu husoma na kufasiri, nao wanafunzi makumi au mamia huandika maana chini ya kila neno la Kiarabu kwa lugha yao wenyewe. Msomaji aliyekulia katika vyuo vyetu vya mwambao, au katika dugsi za Kaskazini Mashariki, hatakosa kuzitambua njia hizi. Hakika sorogan ni ile ile njia ambayo walimu wetu wa Kurani wameitumia tangu jadi, ila sisi hatukuipa jina wala hatukuiandikia vitabu.

Mabadiliko yalianzia ndani ya pesantren zenyewe, na hili ni jambo la kuzingatiwa sana. Pesantren ya Tebuireng, iliyoasisiwa mwaka 1899 na Kyai Hasyim Asy'ari karibu na mji wa Jombang, ilikuwa ngome ya elimu ya kale. Hata hivyo, ni mwanawe mwenyewe, Abdul Wahid Hasyim, aliyefungua humo katika miaka ya 1930 madrasa ambayo sehemu kubwa ya vipindi vyake ilikuwa ya masomo ya jumla. Kijana huyo baadaye akawa Waziri wa Dini wa jamhuri changa. Kule Gontor, wilayani Ponorogo, ndugu watatu walifufua pesantren ya wazee wao mwaka 1926, na mwaka 1936 wakaanzisha mfumo wa miaka sita wa kuwaandaa walimu. Kiarabu na Kiingereza vilifanywa lugha za kuzungumzwa kila siku, bwenini na uwanjani, na Kiarabu hakikufundishwa kwa tafsiri bali kwa kusemwa. Gontor haikuomba ruhusa ya mtu. Iliweka mtaala wake, ikaushikilia, nayo serikali haikuvitambua rasmi vyeti vyake hadi ulipokaribia mwisho wa karne ya ishirini.

Miaka hiyo mirefu ya kutotambuliwa haikuwa mchezo kwa mzazi wa kawaida. Mtoto akimaliza pesantren na cheti chake hakikubaliki katika sekondari ya juu, yeye ndiye anayelipia msimamo wa wakubwa. Ndiyo sababu amri ya pamoja ya mawaziri watatu ya mwaka 1975, wakati wa Waziri wa Dini Mukti Ali, ilikuwa hatua kubwa. Madrasa zilikubaliwa kuwa sawa na shule za kawaida, vyeti vyake vikawa na uzito ule ule, na mwanafunzi akaweza kuhamia shule ya serikali bila ya kurudishwa nyuma. Bei yake? Masomo ya dini yakabaki takriban asilimia 30 ya mtaala, na asilimia 70 ikawa ya masomo ya jumla. Masheikh wengi waliona wameuza kondoo na kubaki na kamba. Yamkini hawakukosea kabisa, kwa maana katika asilimia 30 hakuna nafasi ya kumfikisha mtoto mahali pa kusoma mwenyewe kitabu cha Kiarabu kisichokuwa na irabu.

Ndipo likazuka jawabu ambalo leo limeenea kote: kuweka vyote viwili. Shule ya miaka mitatu ya sekondari ya chini, ama ile ya Wizara ya Elimu ama madrasa ya Wizara ya Dini, hujengwa ndani ya uwanja wa pesantren. Asubuhi mtoto husoma mtaala wa taifa. Alfajiri na usiku husoma mtaala wa pesantren. Kwa maneno, jambo hili linapendeza. Kwa hesabu, lina mashaka makubwa, nami naomba tuifanye hesabu hiyo polepole.

Mtaala wa taifa wa mwaka 2013 nchini Indonesia uliipa sekondari ya chini vipindi 38 kwa wiki, kila kipindi dakika 40. Hizo ni saa 25 na dakika 20 darasani. Sasa tuchukue bweni la kubuni lenye desturi za kawaida: saa moja ya Kurani baada ya sala ya alfajiri, saa moja ya vitabu baada ya magharibi, na saa moja ya kudurusu baada ya isha, kwa siku sita. Ni saa 18. Jumla yake inapita saa 43, na bado hatujahesabu sala zenyewe, zamu za usafi, kufua nguo, foleni ya bafu na foleni ya chakula, wala hifdhi kwa wale waliojifunga kuhifadhi. Mtu mzima anayefanya kazi saa 43 kwa wiki hujiona amechoka. Huyu tunayemzungumzia ana miaka 13. Akilala saa nne za usiku na kuamshwa saa kumi za alfajiri, amelala saa sita, ilhali wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi. Wale tunaowakuta wakisinzia wakati wa somo la hisabati si wavivu. Wamefunzwa na ratiba kusinzia.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya anayeunda mtaala wa bweni la Kiislamu ni kukataa wazo kwamba mtaala ni orodha ya masomo. Katika shule ya kutwa, labda. Bwenini mtaala ni saa 24. Wakati wa kula ni mtaala, namna ya kuamshwa ni mtaala, na dakika kumi ambazo mtoto huachwa aketi chini ya mwembe bila ya kengele ni mtaala pia.

Kazi ya pili ni kutafuta yanayorudiwa. Hapa ndipo mitaala miwili iliyobebeshwa mmoja juu ya mwingine hujifichua. Asubuhi, katika kipindi cha dini cha serikali, mwanafunzi anafundishwa nguzo za udhu kutoka kitabu chenye picha za rangi. Usiku anafundishwa nguzo zile zile kutoka Safina. Mwalimu wa asubuhi hajui kwamba somo hilo lilikwisha kusomwa, na ustadhi wa usiku hajali. Mtoto anaandika mtihani mara mbili juu ya jambo moja, na huku hakuna aliyepata muda wa kumfundisha jinsi ya kutayamamu hospitalini. Walimu wakiketi meza moja na kulaza vitabu vyao ubavu kwa ubavu, vipindi vitatu vya dini kwa wiki, yaani saa mbili nzima, vinaweza kuunganishwa na darasa la usiku bila ya kuvunja sharti lolote la serikali: kitabu cha kale kikawa matini, na silabasi ya taifa ikawa kipimo cha yale ambayo mtoto hana budi kuyafahamu.

Kazi ya tatu ndiyo iliyosemwa sana na kufanywa kidogo: kuoanisha elimu mbili. Wapo wanaodhani kwamba kuoanisha ni kubandika aya moja juu ya kila mada ya sayansi, kana kwamba photosynthesis haitakamilika mpaka ipate pambo. Hiyo si elimu ya dini wala si sayansi. Hakuna aljebra ya Kiislamu, ingawa neno lenyewe ni la Kiarabu. Lakini ziko mahali ambapo dini yenyewe inadai hesabu, na hapo mwalimu hana haja ya kulazimisha chochote.

Mathalan, maji ya kulateini, ambayo najisi haiyaharibu mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Vitabu vya Kishafii vinayapima kwa birika la mraba lenye dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina. Tukichukua dhiraa kuwa sentimita 48, kila upande ni sentimita 60, na ujazo wake ni lita 216. Mwanafunzi aliyepewa futi kamba na kutumwa akapime birika la msikiti wa shule amejifunza ujazo, amejifunza fikihi, na mwalimu wa sayansi anaweza kumalizia kwa kuuliza ikiwa maji yaliyo tohara ndiyo pia yaliyo salama kunywewa. Jibu ni hapana, si lazima, na ni vyema mtoto wa bweni alijue jibu hilo kabla ya kipindupindu kumfundisha.

Au mirathi. Mtu amefariki akaacha mke, mama na mwana mmoja wa kiume. Mke anapata thumuni, mama sudusi, na mwana anachukua kilichobaki. Kigawe kidogo cha shirika ni 24: mke 3, mama 4, mwana 17. Sijui njia bora zaidi ya kumwonyesha mtoto wa Gredi ya 7 kwa nini binadamu walihitaji sehemu za kawaida.

Mfano wa kibla ni mtamu zaidi, kwa kuwa wakubwa wenyewe waliuonja. Machi 2010 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa kwamba kibla cha nchi hiyo ni upande wa magharibi. Wataalamu wa falaki walipinga, na mwaka huo huo baraza likarekebisha na kusema ni kaskazini magharibi. Atakayetoka Jakarta na kufuata latitudo yake moja kwa moja kuelekea magharibi atavuka bahari na kutokea Unguja, si Makka. Mtoto wa Mombasa naye, akiitazama ramani, ataona kwamba mji wake na Makka zimekaribia kuwa katika longitudo moja, na kwa hivyo kibla chake ni kaskazini hasa. Somo kama hili halihitaji maabara.

Mifano ya namna hii si mingi kiasi cha kujaza miaka mitatu, na asijidanganye mtu. Sehemu kubwa ya hisabati itabaki hisabati, na sehemu kubwa ya nahau itabaki nahau. Heshima ya mtaala iko katika kujua mahali pa kuunganisha na mahali pa kuacha kila fani isimame kwa miguu yake.

Nani atayafanya haya yote? Hapo ndipo mipango mingi hukwama. Katika bweni la aina hii huwa kuna vyumba viwili vya walimu, hata kama jengo ni moja. Kuna mwalimu mwenye shahada na mshahara wa kila mwezi, anayefika asubuhi na kuondoka alasiri. Na kuna ustadhi anayelala shuleni, asiye na cheti kinachotambuliwa, anayelipwa kwa kauli ya "Mungu atakulipa". Wa kwanza anamjua mtoto kwa alama zake. Wa pili anamjua kwa homa zake na machozi yake. Sheria ya Pesantren ya mwaka 2019 nchini Indonesia ilijaribu kulitibu jambo hili kwa kuitambua elimu ya pesantren kwa misingi yake yenyewe, pamoja na wanaoifundisha, na kuwekwa kwa baraza la masheikh la kusimamia ubora. Ni mapema kusema imefanikiwa, lakini imeondoa ile dhana kwamba anayefundisha kitabu cha njano si mwalimu.

Mvutano wa saa nao haujakwisha. Mwaka 2017 Waziri wa Elimu wa huko alitoa kanuni ya siku tano za shule kwa wiki, saa nane kila siku. Chama cha Nahdlatul Ulama kilipinga vikali, kwani saa nane zingemeza alasiri, na alasiri ndiyo wakati wa madrasa za watoto wasiolala bwenini. Rais Joko Widodo akatoa amri iliyoziachia shule uhuru wa kuchagua siku tano au sita. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Garissa anayeona mwanawe akirudi kutoka shule jioni, amechoka tiki, na chuo kinamsubiri, ataelewa bila ya kufafanuliwa.

Liko jambo moja zito ambalo waandishi wa mitaala hulipitia mbali. Katika pesantren nyingi husomeshwa kitabu cha adabu za mwanafunzi, Ta'lim al-Muta'allim cha Zarnuji, kinachomfundisha mtoto kumtukuza mwalimu. Ni mafunzo mazuri, nami sitaki yaondolewe. Lakini Indonesia imeshuhudia kesi za kutisha za walimu wa bweni waliowadhulumu wasichana waliokabidhiwa kwao, na mmojawapo alihukumiwa adhabu ya kifo mwaka 2022. Mwaka huo huo Wizara ya Dini ilitoa kanuni za kuzuia dhuluma za kingono katika shule zilizo chini yake. Kanuni ya wizara hukaa kabatini. Kinachomfikia mtoto ni mtaala. Ikiwa sura ya utiifu inasomwa, basi wiki hiyo hiyo na isomwe sura ya mipaka yake: kwamba hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba, kwamba kuna mtu fulani, mwanamke kwa wasichana, ambaye mlango wake uko wazi usiku na mchana, na kwamba simu ya mzazi si anasa ya mwisho wa mwezi. Pesantren za wasichana zina historia ya kujivunia katika hili la kuwapa wanawake nafasi ya kufundisha. Rahmah El Yunusiyah alifungua shule yake ya wasichana mjini Padang Panjang mwaka 1923, kwa sababu aliona kuna masuala ya fikihi ambayo msichana hawezi kumuuliza mwanamume.

Na majengo je? Septemba 2025 jengo la sala la pesantren moja wilayani Sidoarjo liliporomoka wanafunzi wakiwa katika sala ya alasiri, na zaidi ya watu 60 wakapoteza maisha. Sisi nasi Septemba 2024 tulizika wavulana 21 walioteketea bwenini huko Nyeri. Zoezi la kukimbia moto halimo katika vitabu vya fikihi wala katika silabasi ya jiografia, lakini bweni lisilolifanya kila muhula halina mtaala kamili.

Hapa Kenya mambo yameiva. Gredi ya 7 ya kwanza chini ya mtaala wa umilisi ilianza Januari 2023. Novemba iliyotangulia, Wizara ya Elimu ilikuwa imetangaza kwamba mabweni ya Gredi ya 1 hadi ya 9 yangeondolewa, lakini shule nyingi ziliendelea nayo, zikiwemo za Kiislamu. Baadaye masomo ya Gredi ya 7 hadi ya 9 yakapunguzwa hadi tisa baada ya malalamiko kwamba watoto wamelemewa. Nilitaraji kwamba nafuu hiyo ingemfikia mtoto wa bweni la Kiislamu. Lakini nafasi inayoachwa wazi katika ratiba ya bweni haikai wazi muda mrefu. Msimamizi huiona, akaongeza kipindi cha hifdhi, na mwingine akaongeza cha mazoezi ya mtihani. Mzigo ukawa ule ule.

Kundi hilo la kwanza lilifanya mtihani wa taifa wa Gredi ya 9 mwaka 2025. Kwa mara ya kwanza wapo vijana waliopitia miaka yote mitatu katika mabweni haya chini ya mtaala mpya, nao bado wanakumbuka. Kabla ya kamati yoyote kuandika waraka mwingine, na waitwe makumi kadhaa kati yao, wavulana na wasichana, waulizwe pasipokuwa na mwalimu wao karibu: ni mada ipi uliyofundishwa mara mbili? Ni kitabu kipi cha Kiarabu unachoweza kukifungua leo ukakisoma bila ya msaada? Ulilala saa ngapi? Ulipoumia moyo, ulimwendea nani?